Nani Amfundishe Mhandisi? Historia Fupi ya Barua ya Kuomba Mafunzo

Katika vyuo vikuu vyetu kuna waraka mmoja mfupi ambao wanahistoria hawajaupa uzito unaostahili. Ni barua ya ukurasa mmoja ambayo mwanafunzi wa uhandisi humwandikia mkurugenzi wa kiwanda, meneja wa shirika la umma au mkandarasi wa barabara, akiomba apokewe kwa wiki chache za mafunzo kwa vitendo. Juu ina sanduku la posta. Katikati ina maneno "Yah: Ombi la nafasi ya mafunzo kwa vitendo". Chini yake inafuata sentensi ambayo kila Mtanzania aliyepita shuleni anaijua: tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Wanafunzi wenyewe huiita barua ya fildi.

Mimi si mhandisi. Nafundisha taaluma za maendeleo, somo ambalo wanafunzi wa fani nyingi, wakiwamo wa uhandisi, hulazimika kulisoma, na kwa sababu hiyo barua hizi hupita mikononi mwangu: huniletea niwasahihishie lugha. Nimezisoma nyingi kiasi cha kuanza kuzitazama kama nyaraka za masjala, yaani si kwa yale zinayoyasema tu bali pia kwa yale ambayo mwandishi wake ameyachukulia kuwa ya kawaida. Karibu zote zina ahadi moja mwishoni: sitahitaji malipo yoyote, na nitajigharamia nauli, chakula na malazi. Kijana anayejifunza kujenga daraja litakalotumiwa na taifa zima anaahidi kwamba hatakuwa mzigo kwa mtu yeyote. Tulifikaje hapa?

Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba ahadi hiyo haina umri mrefu. Ulikuwapo wakati ambapo barua hii haikuwa kazi ya mwanafunzi, kwa sababu jukumu la kumtafutia karakana halikuwa lake. Historia ya barua ya fildi ni historia ya jukumu hilo kuhama: kutoka kwa fundi na jamii yake, likaenda kwa dola, na sasa limeangukia mabegani mwa kijana na orodha ya namba zilizomo katika simu ya baba yake.

Tuanze mbali kidogo. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na wajenzi na waundaji wake karne nyingi kabla ya kuwapo kwa chuo kikuu chochote. Waliojenga misikiti ya mawe ya matumbawe kule Kilwa, waliochonga milango ya Zanzibar na Lamu, na waliounda majahazi ya safari za mbali hawakuwa na shule nyingine ila fundi. Aliyejifunza aliitwa mwanagenzi. Alianza kwa kushika kamba na kuokota misumari, akaishia kukabidhiwa tezo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinatueleza kwamba neno kilemba halikuwa na maana ya kitambaa cha kichwani peke yake. Lilikuwa pia jina la zawadi aliyopewa fundi au mwalimu pale kazi au mafunzo yalipokamilika. Tuzingatie mpangilio huo: kilemba kilikuja mwisho, baada ya ujuzi kuonekana.

Sitaki kuupamba mfumo huo kupita kiasi. Ulikuwa mfumo wa udugu. Asiyekuwa na mjomba au jirani ndani ya kazi alipata taabu kuingia, na katika kazi za tezo na mwiko wasichana hawakuhesabiwa. Hata hivyo, swali la nani amfundishe mwanagenzi lilikuwa na jibu lililojulikana na wote.

Ukoloni ulileta karakana kubwa, ukalifuta jibu hilo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Waingereza walipoichukua, ngazi za kazi ziliandamana na rangi za watu: wahandisi walikuwa Wazungu, mafundi na makarani wengi walikuwa Waasia, na Waafrika waliachiwa ukibarua na usaidizi. Mtu aliweza kukaa miaka ishirini kando ya injini bila yeyote kuwajibika kumweleza kinachoiendesha. Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1957, ikiwa imebaki miaka minne tu nchi ipate uhuru. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, hata uzeeni, alipenda kuwakumbusha wageni kwamba Waingereza walituachia nchi yenye wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Takwimu hiyo hunukuliwa kama kioja. Mimi huisoma kama hati ya mashtaka: kwa miongo minne dola ilitumia reli, bandari na mitambo ya umeme bila kujiona ina deni la kumfundisha mwenyeji.

Uhuru haukuleta kitivo cha uhandisi mara moja. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, kazi ziligawanywa: Makerere ilikuwa na udaktari, Dar es Salaam ilikuwa na sheria, na uhandisi ulikuwa Nairobi. Mtanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alilazimika kwenda Kenya au kuvuka bahari. Chuo hicho kilipovunjwa mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na cha kwake, Tanzania ilijikuta na Azimio la Arusha mkononi, viwanda vipya vikiinuka, na haina mahali pa kumfundisha mhandisi hata mmoja. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi.

Hapa ndipo mafunzo kwa vitendo yalipoingia kama sehemu ya shahada yenyewe. Fikra iliyoyaongoza ilikuwa ya kumpandisha mwanafunzi ngazi: kwanza aonje kazi ya fundi stadi, kisha ya fundi sanifu, na mwisho ya mhandisi, ili siku atakapotoa amri awe amewahi kuitekeleza amri kama hiyo kwa mikono yake. Fikra hiyo iliafikiana na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, iliyokataa kutenganisha kalamu na jembe. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaenda mbali zaidi: mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa kuingia chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza na apate pendekezo la mahali alipofanyia kazi. Sharti hilo lililegezwa kidogo kidogo baadaye, lakini linatuonyesha mpangilio wa mawazo ya wakati ule. Kazi ilitangulia chuo, na taifa ndilo lililotoa kazi.

Uwezo wa kufanya hivyo ulikuwapo kwa sababu karakana zilikuwa mali ya umma. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilikuwa kikifanya kazi tangu 1966. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mashirika ya aina hiyo yaliwajibika kwa wizara, na wizara zilifuata mpango wa nguvukazi. Tangu Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1964, Serikali ilikuwa imejiwekea lengo kwamba kufikia 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu. Kwa hiyo mwanafunzi wa uhandisi alikuwa tarakimu katika hesabu ya taifa. Serikali ilimlipia masomo, naye akafungwa na mkataba wa kuitumikia kwa miaka mitano baada ya kuhitimu. Katika mfumo huo, kumtafutia mwanafunzi nafasi ya mafunzo ilikuwa kazi ya ofisi, baina ya chuo na shirika.

Msomaji asidhani naililia pepo iliyopotea. Dola iliyokupangia karakana ndiyo dola iliyokuamuru. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walifukuzwa kwa mamia. Waliofaidi mafunzo yale walikuwa wachache mno katika nchi ya mamilioni, na wasichana miongoni mwao walikuwa wachache zaidi. Na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni, viwanda vingi vilikuwa vikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Mwanafunzi aliyepangiwa kiwanda kisicho na malighafi alijifunza kungoja. Lakini hata alipongoja, hakungoja kwa hisani ya mtu. Alikuwa na haki ya kuwapo pale, na meneja alikuwa na wajibu wa kumpokea.

Wajibu huo haukufutwa kwa sheria wala kwa hotuba. Ulikufa pamoja na mwenye nao. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 yalifungua njia. Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka 1992 ikazaa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Na mashirika yapatayo 400 yakaanza kuuzwa, kukodishwa, kuunganishwa au kufungwa. Tulijadili sana bei za kuuzia. Tulijadili hatima ya wafanyakazi waliopunguzwa. Sikumbuki kusikia mjadala wa kitaifa juu ya swali hili: kiwanda kinapouzwa, je, mnunuzi anarithi pia wanafunzi wake? Mashine ziliorodheshwa, majengo yakathaminiwa, madeni yakahesabiwa. Kazi ya kufundisha haikuwamo katika orodha ya mali, kwa hiyo haikuuzwa wala haikubakizwa. Ilipotea tu.

Wakati huohuo upande wa pili wa mizani ulikuwa ukijaa. Uchangiaji wa gharama uliingia vyuoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Serikali ikaacha kumhakikishia kila mhitimu ajira. Vyuo vikaongezeka: Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ilizaliwa mwaka 1997 kutokana na chuo cha ufundi, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007, na Mbeya ikapata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012, bila kuvitaja vya binafsi. Kuongezeka huko ni jambo jema. Lakini milango ya madarasa ilipanuliwa wakati ileile ambapo milango ya karakana ilikuwa ikifungwa. Katika pengo hilo ndimo ilimozaliwa barua ya fildi kama tunavyoijua leo.

Itazameni safari ya barua hiyo. Chuo humpa mwanafunzi barua ya utambulisho, kisha humwachia mji. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi wa mitambo, mzaliwa wa Kasulu, aliniambia kuwa alipeleka maombi kumi na saba katika barabara ya Nyerere na viunga vyake, na kumi na tano kati ya hayo hayakuvuka kibanda cha mlinzi.

"Mwalimu," aliniambia, "getini wanasema acha barua, utapigiwa. Ukimtaja mtu wa ndani, unapewa kiti."

Sina elezo fupi zaidi la mfumo wetu kuliko hilo. Tumerudi kwenye udugu wa mwanagenzi, lakini bila fundi aliyewajibika mbele ya jamii. Kilemba nacho kimehama: zamani kilitolewa ujuzi ulipokamilika, na leo wapo wanaotakiwa kukitoa getini, kwa jina la chai. Kwa mwanafunzi wa kike hatari ni kubwa zaidi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitambua rushwa ya ngono kuwa kosa, lakini sheria hiyo humtegemea mlalamikaji, na msichana anayehitaji muhuri katika daftari lake la mafunzo ili asonge mwaka wa masomo ana sababu nyingi za kunyamaza. Popote pale haki inapogeuzwa kuwa hisani, mwenye hisani hupata nguvu ya kutaja bei.

Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanaokopeshwa. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Ni msaada wa kweli, nami sitaubeza. Ila tuuite kwa jina lake: ni mkopo. Mwanafunzi anakopa ili akafundishwe kazi ambayo, kabla ya 1990, taifa lilimlipia. Asiyepata mkopo hukaa kwa shangazi Mbagala, apande daladala mbili kila alfajiri, au hutafuta nafasi karibu na kwao hata kama mahali hapo hapana mtambo wowote unaohusiana na fani yake.

Wengi hupata nafasi hatimaye, na hapo huanza tatizo la pili. Kampuni ambayo haina wajibu wa kufundisha humpokea kijana kwa ukarimu na kumweka mahali ambapo hataharibu kitu. Nimeona madaftari ya mafunzo ambamo mwanafunzi wa mwaka wa tatu ameandika, siku baada ya siku, kwamba alipanga mafaili, alichapa barua, aliangalia wengine wakipima udongo. Mwishoni kuna sahihi, muhuri na alama nzuri. Waswahili wana jina la heshima ya namna hiyo: kilemba cha ukoka.

Je, haya yanamhusu asiyekuwa na mtoto chuoni? Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo. Sidai kwamba maafa hayo yalisababishwa na upungufu wa mafunzo kwa vitendo. Sababu za kila jengo ni za wachunguzi. Ninachodai ni kwamba macho yanayotambua zege bovu kabla halijaanguka hayapatikani katika kitabu. Hupatikana kwa kusimama kando ya mtu anayejua, mara nyingi, akiwa na wajibu wa kukuonyesha.

Wahandisi wenyewe wamelitambua hilo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, chini ya sheria ya mwaka 1997, ilianzisha mwaka 2003 mpango wa kuwaweka wahitimu chini ya usimamizi wa wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa wahandisi wataalamu. Mpango huo ni ushahidi kwamba swali la nani amfundishe bado linaweza kujibiwa kitaasisi. Lakini unamhusu aliyekwisha kuhitimu. Mwenye barua mkononi bado yuko getini.

Wenzetu walijaribu njia nyingine. Nigeria iliunda Mfuko wa Mafunzo ya Viwandani mwaka 1971, na mwaka 1973, mwaka uleule tuliofungua Kitivo cha Uhandisi, ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kuwapeleka wanafunzi viwandani. Kenya ina tozo ya mafunzo inayolipwa na waajiri na mamlaka inayosimamia mafunzo ya viwandani. Mipango hiyo ina kasoro zake, na wanafunzi wa huko nao hulalamika. Tofauti yake na yetu ni kwamba kuna mlango unaojulikana wa kupeleka lawama. Mwanafunzi wetu akikosa nafasi, hana wa kumlaumu ila nafsi yake, na kwa bahati mbaya ndivyo afanyavyo.

Sisi nasi tuna tozo. Waajiri wamekuwa wakilipa tozo ya kuendeleza ujuzi tangu Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, na kila mwaka hulalamika kuwa ni kubwa. Basi tukutane katikati: mwajiri anayepokea wanafunzi kwa idadi maalumu, chini ya msimamizi anayetajwa kwa jina na kwa programu inayokaguliwa, apunguziwe sehemu ya tozo hiyo. Pili, miradi mikubwa inayojengwa kwa kodi zetu ibebe wajibu uliopotea wakati wa ubinafsishaji. Bwawa la Julius Nyerere limesanifiwa kuzalisha megawati 2,115. Reli ya kisasa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Mkataba unaoweza kutaja idadi ya mataruma hauwezi kushindwa kutaja idadi ya wanafunzi. Tatu, vyuo virejeshe ofisi zenye kazi ya kutafuta nafasi na kuzigawa kwa haki, badala ya kutoa barua za utambulisho na kuhesabu kwamba wajibu umekwisha.

Sitegemei kurudi 1975, wala sitaki. Lakini kila kizazi lazima kiseme wazi ni nani amfundishe mhandisi wake. Watu wa pwani walisema ni fundi. Azimio la Arusha likasema ni taifa. Sisi tumenyamaza, na kijana amelazimika kujibu kwa niaba yetu, katika aya ya mwisho ya barua yake, pale anapoahidi kwamba hatahitaji chochote kutoka kwetu. Siku akiacha kuandika aya hiyo, nitajua tumeanza kujibu.